Jabali Bila Vyombo
Kamati ya bendi yetu inabishana: kreshi, lile toazi la kulipuka, liwe la inchi 16 linyamaze haraka, au 18 livume? Mimi nauliza risiti itaandikwa jina la nani.

Ukivuka Mnazi Mmoja kutoka Mchafukoge unaingia Kariakoo, alikozaliwa Marijani Rajabu. Mwaka 1972 akajiunga na Safari Trippers, bendi ikawika. Baadaye Dar International, enzi za Zuwena, mji mzima ukimwita Jabali la Muziki. Sauti yake, tungo zake, ila vyombo vya wenyewe, jamani. Bendi ilipovunjika miaka ya 1980, jabali zima likabaki halina vyombo vya kupigia. Akawa anauza kanda zake nyumbani, palepale Kariakoo. Alifariki Machi 1995.