Leo McCarey: Kicheko Kilichookoa Ndoa

Leo McCarey alizaliwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1898, akalelewa katika imani Katoliki. Alisomea sheria, lakini hakufanikiwa katika uwakili, akahamia kwenye filamu.

Mwaka 1937 aliongoza The Awful Truth. Mume na mke, Cary Grant na Irene Dunne, wanapoteza uaminifu, wanaomba talaka na kugombania hata mbwa. Wakisubiri talaka ikamilike, kila mmoja anavuruga uchumba mpya wa mwenzake. Mke anafika ukweni kwa mchumba wa mumewe akijifanya dada yake! Usiku wa mwisho, saa sita ikikaribia, wanapatana. McCarey alipata tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora. Aliipata tena kwa Going My Way ya mwaka 1944, filamu kuhusu mapadre wa parokia. Alifariki mwaka 1969.

Mbona bado tunaifurahia? Kwa sababu hatuwacheki kwa dharau: tunacheka kiburi kikishindwa na upendo. Sisi tutakaowahudumia wanandoa tukumbuke: wanaoweza bado kucheka pamoja hawajaachana. Tusiharakishe kukata tamaa juu yao.