Jacobus Arminius: Je, Yote Yalishapangwa?

Mpendwa msomaji, bila shaka umewahi kukaa msibani ukasikia mtu akisema ilikuwa imepangwa, hakuna ambacho kingeweza kubadilika. Wengine huitikia amina. Lakini hebu jiulize: kama kila jambo limefungwa tangu zamani, anayekataa neema alikuwa na njia nyingine kweli?

Swali hilo lilimchosha sana Jacobus Arminius, mtoto wa Oudewater, mji mdogo wa Uholanzi. Baba yake alikufa yeye akiwa bado mdogo. Mwaka 1575, kijana akiwa masomoni Marburg, Ujerumani, askari wa Hispania waliuteka mji wao wakaua watu. Mama yake na ndugu zake waliangamia humo. Fikiria mtu wa namna hiyo anapoambiwa kwamba Mungu aliamua kila kitu, na hata waliopotea waliumbwa wapotee.

Alisoma Leiden, kisha Geneva kwa Beza, mrithi wa Calvin, na huko ndiko fundisho hilo lilikofundishwa kwa ukali. Mwaka 1588 akawa mchungaji Amsterdam. Aliombwa amjibu Coornhert, aliyekuwa akilipinga fundisho hilo. Majibu hayo hakuyamaliza kamwe.

Mwaka 1602 tauni iliukumba mji. Arminius aliingia nyumba za wagonjwa akawapa maji, wakati wengine wanavuka barabara kuzikwepa. Huko alikutana na waumini wawili waliokuwa wanakufa kwa hofu, kwa sababu hawakusikia moyoni uhakika wa kusamehewa. Huyo si mwanafunzi darasani, mpendwa, ni mtu kitandani anayeuliza kama mlango bado uko wazi.

Mwaka uliofuata alipewa uprofesa Leiden, na mwenzake Gomarus akawa mpinzani wake mkubwa. Sasa sikia Arminius alifundisha nini, maana wengi humsingizia. Hakusema mtu anajiokoa. Neema ndiyo inayoanza, ila mtu anaweza kuikataa. Mungu anajua kesho yote, lakini kujua kwake hakumlazimishi mtu kutenda. Jambo la hiari analijua kama la hiari, lililoweza pia kutokea vingine. Mimi huwa nawaza hivi: ukikaa juu ya kilima ukaona lori linakaribia kona, macho yako hayalisukumi lori. (Mfano huu ni wangu, msimlaumu profesa.) Na kama Mungu ndiye anayelazimisha dhambi, aliona hakuna namna ya kukwepa kumwita Mungu mwenye dhambi.

Mwaka 1608 alijieleza mbele ya viongozi wa Holland, akiwa tayari anaumwa. Alikufa Oktoba 1609, akaacha mjane na watoto.

Vita vikaendelea bila yeye. Wafuasi wake waliandika hoja tano mwaka 1610. Sinodi ya Dort ya 1618 na 1619 ikazikataa, na wachungaji zaidi ya 200 wakapoteza kazi. Oldenbarnevelt, kiongozi wa serikali aliyewalinda, alikatwa kichwa, ingawa hapo siasa ilichangia sana. Hugo de Groot alifungwa maisha, akatoroka 1621 ndani ya sanduku la vitabu.

Kufikia 1630 wafuasi hao walikuwa na kanisa Amsterdam, mji ule ule alikohubiri. Lilijengwa nyuma ya nyumba za kawaida, ili mpita njia asijue kuwa ni kanisa.