Fundi wa Petroli na Funzo la Risasi

Mwananchi ajazaye petroli Magomeni au Mbagala huuliza bei tu. Ni wachache wanaofahamu habari za marehemu Thomas Midgley wa Marekani, ambaye kazi yake iliingia katika pumzi za watu wa dunia nzima.

Midgley alizaliwa mwaka 1889, akahitimu uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1911. Mwaka 1916 aliingia katika maabara ya Charles Kettering, akakabidhiwa tatizo la injini kugonga.

Chanzo cha tatizo hilo ni umbo la petroli yenyewe. Haidrokaboni zilizoungana kama mnyororo ulionyooka hulipuka kabla ya wakati zikandamizwapo. Zenye matawi huvumilia. Ndiyo maana mwaka 1926 Graham Edgar alipoweka kipimo cha oktani, heptani iliyonyooka ilipewa 0, na isooktani yenye matawi 100.

Midgley alijua kwamba hata spiriti ya mimea huzuia kugonga. Lakini Desemba 1921 aligundua kuwa dawa ya madini ya risasi, tena kidogo tu, hutosha. Wenye mali wakaona faida. Mwaka 1924 wafanyakazi watano walikufa kwa sumu hiyo kiwandani huko New Jersey. Siku chache baadaye Midgley aliinawa mbele ya waandishi wa habari ili kuwatuliza watu, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuugua kwa sababu yake.

Mwaka 1940 alipooza, akajiundia kamba za kumwinua kitandani. Tarehe 2 Novemba 1944 alikutwa amekufa, zimemnyonga. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani kwa magari ya barabarani, Julai 2021. Siku hizi viwanda hupandisha oktani kwa njia nyingine, zikiwamo haidrokaboni zenye matawi.

Hatumlaani marehemu, hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini risasi ingalimo katika betri kuukuu za magari. Viongozi wetu, Bara na Visiwani, hawana budi kuhakikisha kwamba kijana wa Temeke au wa Unguja havunji betri hizo bila kinga. Faida isitangulie tena afya ya mtu.