Dogen, mtawa aliyefunzwa na mpishi

Ukishinda Masara, kule Migori, ukiosha mchanga wa dhahabu kwenye karai, unajua vile macho humtawala mtu. Kitu kikimetameta kidogo, moyo unaruka. Kisipoonekana, hata chai ya jioni inakosa ladha. Na wewe wa mjini usicheke, simu yako ikilia ni yale yale tu. Sasa ngoja nikupe stori ya jamaa mmoja wa zamani.

Dogen alizaliwa Kyoto, Japani, mwaka wa 1200, familia ya wakubwa. Mamake alifariki yeye akiwa mtoto. Inasimuliwa kwamba pale mazishini alitazama moshi wa ubani ukipanda na kupotea, akaelewa hakuna kinachodumu. Alipofika miaka 13 hivi, akawa mtawa.

Mwaka wa 1223 alisafiri kwa meli hadi Uchina kutafuta mwalimu wa Zen. Meli ikiwa bado bandarini, mpishi wa monasteri moja, mzee wa miaka 61, akaja kununua uyoga. Dogen akamsihi alale wapige gumzo. Mzee akakataa, kesho watu lazima wale. Dogen akashangaa: mzee mzima anahangaika na masufuria badala ya kukaa kimya na kutafakari? Mzee alicheka tu, akaenda zake.

Baadaye, monasteri nyingine, akamkuta mpishi wa miaka 68 akianika uyoga juani, mgongo umepinda, hana hata kofia. Hakutaka kumwachia mtu mwingine kazi hiyo, wala kungoja jua lipoe. Joto alilisikia, bana. Ila joto halikuwa bosi wake.

Hapo ndipo Dogen alipoanza kushika somo. Alirudi Japani mwaka wa 1227, na mwaka wa 1237 akaandika mwongozo wa wapishi wa monasteri. Humo alifunza kwamba mboga duni ipikwe kwa moyo ule ule unaopikia chakula cha kifahari. Kwa lugha yetu: leo omena, kesho mbuta, mikono yako isibadilike. Ulimi bado utaonja, pua bado itanusa. Zen haikuambii uwe jiwe. Utamu ukija, uonje; ukienda, usiukimbilie.

Mwaka wa 1244 alianzisha monasteri milimani, ile inayoitwa Eihei-ji, na ipo hadi leo. Alifariki mwaka wa 1253.

Lakini tusikosane: hii haina maana kwamba mnunuzi akikupunja bei ya dhahabu unyamaze. Bishana naye, dai chako. Ila karai ya kwanza ikitoka tupu, usiitupe ya pili kwa hasira. Ioshe polepole, kwa mkono ule ule.