Alexander Graham Bell na Mashine ya Kutafutia Madini

Wengi wetu tukisikia jina la Alexander Graham Bell twakumbuka simu tu. Vitabu vya darasani humtaja katika mistari miwili mitatu, kisha huendelea na mambo mengine. Lakini mtu huyu ndiye pia aliyetengeneza mojawapo ya mashine za kwanza za kutafutia madini yaliyofichika, yaani mashine ile ambayo siku hizi inasemwa sana huku kwetu mpakani, katika Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, hata Tororo. Wako vijana wanaochanga fedha ili wainunue, wapate kuchimbua rupia za zamani ambazo inasemekana wazee walizifukia ndani ya vyungu. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa niandike maisha ya Bwana Bell, maana yaliyompata mwaka 1881 yaweza kumwokolea mtu fedha zake leo.

Bell alizaliwa tarehe 3 Machi 1847 katika mji wa Edinburgh, Uskoti. Baba yake alikuwa mwalimu wa matamshi, na babu yake vivyo hivyo. Mama yake alikuwa haisikii vizuri, na kijana Bell alijifunza kusema naye kwa sauti nzito karibu na paji la uso wake, apate kuyahisi maneno. Basi tangu utoto alijua kwamba sauti ni mtikisiko, na kwamba mtikisiko waweza kupita katika vitu vingine zaidi ya hewa. Yeye na kaka yake Melville waliunda kichwa cha bandia chenye koo na ulimi, wakakipulizia hewa hata kikatoa sauti kama ya mtoto anayemwita mama yake.

Lakini nyumba ile ilipatwa na msiba. Ndugu zake wawili walikufa kwa ugonjwa wa kifua kikuu, mmoja mwaka 1867 na mwingine mwaka 1870. Wazazi waliogopa kumpoteza na huyu wa tatu, wakahamia Kanada mwaka ule ule wa 1870. Mwaka uliofuata Bell alikwenda Boston, Marekani, kufundisha watoto viziwi kusema. Mchana alifundisha, usiku alifanya majaribio ya umeme pamoja na fundi wake, Thomas Watson. Tarehe 7 Machi 1876 alipewa hati ya serikali ya kuilinda kazi yake ya simu, na siku tatu baadaye Watson aliyasikia maneno yake waziwazi kwa njia ya waya akiwa katika chumba kingine. Wako wengine waliodai kwamba wao ndio waliotangulia, na kampuni yake ilishitakiana nao katika mamia ya kesi. Mwaka 1877 alimwoa Mabel Hubbard, ambaye alikuwa kiziwi tangu utoto kwa sababu ya ugonjwa.

Sasa naja kwenye habari yenyewe. Tarehe 2 Julai 1881, Rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi katika stesheni ya gari la moshi mjini Washington. Risasi moja ilimparuza mkono. Ya pili iliingia mgongoni ikabaki mwilini. Siku zile hapakuwa na picha za eksirei. Röntgen aliigundua miale hiyo mwaka 1895. Madaktari waliitafuta risasi kwa kutia vidole na vyombo katika kidonda, bila kunawa mikono kama ipasavyo, na mgonjwa akazidi kudhoofika.

Bell alipopata habari alifikiri kwamba huenda risasi ikatafutwa kwa umeme pasipo kumkata mgonjwa. Mwaka 1879 mtaalamu mmoja, David Hughes, alikuwa ameonyesha chombo cha kupimia madini kwa kutumia waya zilizoviringwa, na Bell mwenyewe alikuwa ameona jambo kama hilo alipokuwa akiondoa makelele katika nyaya za simu. Kazi yake ni hivi. Koili mbili za waya huwekwa kwa mizani, hata nguvu ya moja ikaiondoa nguvu ya nyingine, na kipokeo cha simu kikae kimya. Kipande cha madini kikikaribia, mizani ile huharibika, na mwenye kusikiliza husikia mlio. Bell aliiunganisha kazi hiyo na simu yake. Pamoja na msaidizi wake Sumner Tainter alifanya kazi mchana na usiku. Walificha risasi ndani ya nyama wakaitafuta. Walipima pia askari wa zamani ambao bado walikuwa na risasi miilini mwao tangu vita. Chombo kililia palipotakiwa.

Tarehe 26 Julai aliitwa Ikulu. Jaribio la kwanza halikufaa, kwa sababu sehemu moja ya chombo ilikuwa imeunganishwa vibaya, ikatoa kelele za ovyo. Akarudi kukitengeneza. Tarehe 1 Agosti alijaribu tena, akasikia mlio hafifu uliotapakaa mahali papana, ambao haukufanana na mlio wa risasi. Bell aliuliza kama vyuma vyote vimeondolewa karibu na kitanda. Ndipo ilipokumbukwa kwamba chini ya godoro la singa alilolalia Rais palikuwa na godoro jingine lililofumwa kwa nyaya za chuma!

Na tena palikuwa na jambo kubwa kuliko hilo. Daktari Bliss, mkuu wa madaktari wale, aliamini kwamba risasi iko upande wa kulia, na upande huo ndio aliotaka upimwe. Rais alikufa tarehe 19 Septemba 1881, na mwili ulipochunguzwa risasi ilionekana upande wa kushoto. Mashine ilitafuta mahali ilipoelekezwa na watu, na risasi haikuwapo hapo.

Katika siku zile zile Bell alipata msiba wake mwenyewe. Tarehe 15 Agosti mkewe alizaa mtoto wa kiume kabla ya wakati, na mtoto akafa siku hiyo hiyo kwa kukosa pumzi. Mtu mwingine angeketi kitako kwa huzuni. Bell aliunda koti la chuma la kumsaidia mgonjwa kupumua, ambalo ni mfano wa mashine zilizokuja kutumika hospitali miaka mingi baadaye. Kisha mwaka 1882 alisimama mbele ya wataalamu mjini Montreal, akaeleza majaribio yote aliyomfanyia Rais, pamoja na yale yaliyoshindwa, wala hakuficha habari za godoro. Mimi naliheshimu tendo hilo kuliko simu yenyewe. Kwa kuwa aliandika kila kitu, wengine waliweza kuendelea palipoishia kazi yake, na vyombo vya namna hiyo viliwasaidia madaktari kutafuta risasi kabla eksirei haijaenea.

Haifai nimsifu mno. Bell aliwapenda viziwi, lakini alishikilia kwamba wafundishwe kusema kwa mdomo, akaipinga lugha ya ishara mashuleni. Viziwi wengi, hata leo, wanasema kwamba jambo hilo liliwanyima watoto wao lugha yao. Alikufa tarehe 2 Agosti 1922 huko Nova Scotia, Kanada, na wakati wa maziko yake simu zote za Amerika ya Kaskazini zilinyamazishwa kwa dakika moja.

Sasa, wenzangu, na ninyi wakubwa zetu mliokwisha maliza shule, turudi mpakani. Mashine zinazouzwa leo ni wajukuu wa ile ya Bell, nazo zina taabu zile zile alizozikuta.

Taabu ya kwanza ni kina. Nguvu ya koili hupungua upesi sana kadiri madini yanavyokuwa mbali. Rupia moja ya fedha, yenye uzito wa gramu 11 na kitu na upana wa milimita 30 hivi, mashine nzuri ya kawaida huisikia katika kina cha sentimita 20 mpaka 30 tu. Koili kubwa hufika chini zaidi, lakini haisikii vizuri sarafu moja ndogo. Inafaa zaidi kwa kitu kikubwa, kama chungu kilichojaa sarafu. Kwa hiyo anayetaka kununua ajiulize kwanza anatafuta nini: sarafu mojamoja zilizoanguka njiani, au akiba iliyofukiwa pamoja. Rupia zilikuwa fedha halali kwetu, pande zote mbili za mpaka, mpaka mwaka 1920, ndipo zikaja florini na baadaye shilingi. Basi habari za wazee si uzushi mtupu. Lakini mtu huficha akiba yake mahali atakapoweza kuifukua. Wachache walichimba shimo la kumzidi mtu urefu.

Taabu ya pili ni ardhi. Udongo wetu mwekundu una chuma ndani yake, na vilima vya Sukulu karibu na Tororo vina mawe ya chuma hasa. Mashine isiyoweza kurekebishwa kwa udongo italia kila hatua. Ardhi yetu ndiyo godoro la Rais Garfield! Ziko mashine za namna mbili zinazojulikana zaidi. Moja hutumia mawimbi yasiyokatika, nayo huweza kubagua msumari na sarafu, lakini husumbuliwa na udongo wa chuma. Nyingine hutuma umeme kwa mapigo mafupi mafupi, nayo huvumilia udongo mbaya na hufika chini zaidi, lakini haibagui vizuri. Itakuchimbisha vifuniko vya soda na misumari kutwa nzima. Hakuna mashine inayopata yote mawili kwa ukamilifu.

Taabu ya tatu ni wadanganyifu. Wako wanaouza vyuma viwili vya kushika mkononi ambavyo eti hugeuka vyenyewe kuelekea hazina iliyo mbali au chini sana. Mwaka 2013 mahakama moja ya London ilimfunga mtu miaka kumi kwa sababu ya kuuza vyombo vya namna hiyo kwa serikali za nchi mbalimbali, hata Iraki, eti vinagundua mabomu. Ndani yake hamkuwa na kitu chochote cha kufanya kazi hiyo. Ikiwa majeshi yalidanganywa, kijana wa Busia mwenye fedha za mahindi ya mama yake atanusurikaje?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika kazi ya shamba ni kweli, lakini katika jambo hili nasema mchague sana, nanyi mchague kama Bell. Yeye alificha risasi ndani ya nyama kabla ya kwenda kwa mgonjwa. Basi anayeuziwa mashine afukie sarafu yake mwenyewe katika udongo wa kwao, kwa kina anachokijua, muuzaji asione mahali, kisha amwambie aitafute. Akikataa, fedha zirudi mfukoni. Akikubali akashindwa, vivyo hivyo. Tena asisahau kumwomba ruhusa mwenye shamba, na kuuliza sheria: Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, inayotaka mtu aliyepata kitu cha kale atoe habari, na Uganda nayo inavilinda vitu vyake vya kale.

Mwisho, tukumbuke kwamba kule Ikulu chombo kilitafuta upande wa kulia kwa sababu mkubwa mmoja alikwisha amua. Huku kwetu nimeona mashimo mengi yaliyochimbwa kwa sababu mtu fulani mwenye sauti alisema hapa ndipo. Kabla ya kuchanga fedha za mashine, vijana na waende kwanza wakawaulize wazee wao nyumba ya zamani ilisimama wapi, njia ya soko ilipita wapi, na mti gani uliachwa bila kukatwa. Kuuliza hakuna bei, na wazee wanaokumbuka habari hizo wanapungua kila mwaka.