Renoir: Mchoraji aliyepambana na baridi yabisi kabla dawa kupatikana

Huenda jina Pierre-Auguste Renoir halikuambii kitu, lakini picha zake umeshaziona kwenye kalenda au ukutani hotelini: wasichana wenye mashavu mekundu, watu wakicheza densi mchana kweupe. Labda hujui kwamba picha zake za uzeeni alizichora kwa vidole vilivyojikunja vikakataa kunyooka.

Jamaa huyu hakuzaliwa kwa matajiri. Alizaliwa Limoges, Ufaransa, mwaka wa 1841, babake akiwa fundi wa kushona nguo. Alipofika miaka 13 tayari alikuwa kibaruani jijini Paris, akipaka maua kwenye vyombo vya kauri. Yaani mikono ndiyo iliyomlisha. Mnamo 1874, yeye, Claude Monet na wenzao waliandaa maonyesho yao wenyewe, wakachekwa. Hakuacha.

Alipogonga miaka 50 hivi, viungo vikaanza kuuma na kuvimba. Ilikuwa baridi yabisi. Hebu tusimame kwenye jina hilo, maana linatupotosha. Baridi haileti ugonjwa huu. Ni kinga ya mwili inayokosea adui na kushambulia viungo vyako mwenyewe. Renoir alihamia Cagnes-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa, kufuata jua. Ugonjwa ukamfuata huko huko.

Alijaribu alichoweza: kuoga maji moto ya chemchemi, mazoezi ya kurusha mipira, dawa ya maumivu iliyoitwa antipairini. Hakuna kilichozuia viungo kuharibika. Kufikia 1912 alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Viganja vilifungwa vitambaa ngozi isichubuke, na wasaidizi walimwekea brashi mkononi. Kwa kuwa mkono haukufika mbali, turubai ilizungushwa kwenye roli ili sehemu ya kuchora imsogelee yeye. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi hadi mwaka aliofariki, Desemba 1919, akiwa na miaka 78.

Sasa usije ukasema nawe utavumilia kama Renoir. Mzee alivumilia kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Wewe unayo.

Ugonjwa huu si wa wazee pekee; huwapata vijana pia, na wanawake zaidi ya wanaume. Ukiamka asubuhi vidole vimekakamaa kwa zaidi ya nusu saa, au viungo vidogo vya mikono yote miwili vimevimba wiki baada ya wiki, usiishie kumeza vidonge vya maumivu. Hivyo hutuliza tu, havizuii uharibifu. Mwone daktari, na uulize kuhusu mtaalamu wa viungo. Atakupima damu, lakini majibu safi peke yake hayamalizi kesi: wapo wagonjwa ambao damu yao haionyeshi kitu.

Dawa inayoanza kutumiwa mara nyingi ni methotreksati, inayomezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, hudai vipimo vya damu vya mara kwa mara, na haifai kwa mjamzito, kwa hivyo mwambie daktari mipango yako. Ikikataa, zipo nyingine za kubadilishiwa.

Muhimu ni kuwahi. Kiungo kikishapinda kama vya Renoir, dawa hizi hazikinyooshi tena.