L. T. C. Rolt

Lionel Thomas Caswall Rolt (11 Februari 1910 – 9 Mei 1974), aliyeitwa Tom na rafiki zake, alikuwa mhandisi na mwandishi kutoka Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa kuongoza juhudi za kuokoa Reli ya Talyllyn huko Wales, reli ya kwanza duniani kuendeshwa na watu wa kujitolea.

Maisha ya awali

Rolt alizaliwa mjini Chester. Alikulia Hay-on-Wye, mpakani mwa Wales, kisha kijiji cha Stanley Pontlarge katika Gloucestershire. Aliacha shule akiwa na miaka 16 akaenda kujifunza ufundi, na baadaye akaingia kiwanda cha Kerr Stuart mjini Stoke-on-Trent kilichotengeneza injini za treni. Kiwanda hicho kilifilisika mwaka 1930. Baada ya hapo alifanya kazi mbalimbali, pamoja na kuendesha gereji ya magari.

Mifereji

Mwaka 1939 alimwoa Angela Orred, wakahamia kwenye mashua nyembamba iliyoitwa Cressy na kusafiri katika mifereji ya Uingereza. Safari hiyo ilizaa kitabu chake cha kwanza, Narrow Boat (1944). Kitabu kilipendwa sana, na mwaka 1946 Rolt, Robert Aickman na wenzao walianzisha chama cha kutetea mifereji. Wawili hao hawakupatana: Rolt aliwajali kwanza wanamashua waliokuwa bado wakipata riziki majini, Aickman alitaka kila mfereji uokolewe. Mwaka 1951 Rolt alifukuzwa uanachama. Mwaka huohuo ndoa yake nayo ilivunjika.

Reli ya Talyllyn

Reli hii ilijengwa miaka ya 1860 ili kubeba sleti, yaani jiwe linalopasuliwa kuwa vigae vya kuezekea nyumba, kutoka machimbo ya Bryn Eglwys hadi mji wa Tywyn ulioko pwani. Urefu wake ulikuwa takriban kilomita 11. Reli zake mbili zimeachana kwa milimita 686 tu. Reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu, ambayo wengi wetu huiona nyembamba, ina upana wa mita 1.

Mwaka 1911 machimbo na reli vilinunuliwa na Henry Haydn Jones, mbunge wa eneo hilo. Machimbo yalifungwa baada ya kuporomoka mwishoni mwa 1946, lakini Jones alikuwa ameahidi kwamba treni itatembea maadamu yeye yu hai. Alitimiza ahadi hiyo kwa hasara, treni ikienda siku chache kwa wiki wakati wa kiangazi. Serikali ilipotaifisha reli mwaka 1948, Talyllyn haikuwemo katika orodha. Kwa hiyo Jones alipofariki Julai 1950, hapakuwa na mtu wala idara ya kuirithi kazi hiyo.

Tarehe 11 Oktoba 1950 Rolt aliongoza mkutano mjini Birmingham ambako chama cha kuihifadhi reli kiliundwa. Mjane wa Jones alikubali kuwaachia. Hapakuwa na mfano wa kuiga popote. Mataruma yalikuwa yameoza, nyasi zimefunika njia, na injini moja tu, Dolgoch ya mwaka 1866, ndiyo iliyoweza kutembea. Treni ya kwanza ya chama iliondoka Tywyn tarehe 14 Mei 1951, Rolt akiwa meneja.

Chama kilinunua injini mbili kutoka reli jirani ya Corris iliyokuwa imefungwa. Moja, iliyopewa jina la Sir Haydn, iliacha njia mara tu ilipojaribiwa: reli zilikuwa zimetanuka kiasi kwamba magurudumu yake membamba yalitumbukia katikati. Ya pili, Edward Thomas, ilikuwa imetengenezwa na Kerr Stuart mwaka 1921, lakini ilihitaji matengenezo makubwa kwanza. Hivyo msimu mzima wa 1951 ulitegemea Dolgoch peke yake, na kama ingevunjika huenda jaribio lote lingeishia hapo. Kwa maoni ya wengi, ufundi alioupata Rolt ujanani ulifaa kuliko shauku tupu.

Aliacha umeneja baada ya misimu miwili na kusimulia kazi hiyo katika Railway Adventure (1953). Miongoni mwa waliokuja kujitolea alikuwa kasisi W. Awdry, mtungaji wa hadithi za watoto za injini Thomas, ambaye aliitumia Talyllyn kubuni reli ya Skarloey.

Uandishi na miaka ya mwisho

Rolt alirudi Stanley Pontlarge, akaoa tena na kupata watoto wawili wa kiume. Aliandika maisha ya wahandisi Isambard Kingdom Brunel (1957), Thomas Telford (1958) na George na Robert Stephenson (1960), pamoja na Red for Danger (1955) kuhusu ajali za treni. Cha Brunel bado kinasomwa sana.

Alifariki mwaka 1974. Miaka miwili baadaye Talyllyn ilirefushwa hadi Nant Gwernol, na mwaka 1991 injini mpya ya mvuke iliyoundwa katika karakana ya reli hiyo ilianza kazi. Inaitwa Tom Rolt, na bado huvuta abiria kutoka Tywyn.